Gazeti lililogeuka daftari

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, nchi ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa ameishiwa karatasi. Alibaki na magazeti makuukuu, likiwemo The Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869. Kurasa zilishonwa pamoja, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa kwa wino wa mbegu za zingifuri. Humo ndimo alimoandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15. Tarehe 23 Oktoba aliingia Ujiji hali yake dhaifu, na shajara yake ikiwa salama.

Wino ulififia, gazeti likabadilika rangi. Ilibidi kusubiri hadi 2010, watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipozipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya aina nyingi, ile isiyoonekana kwa macho ikiwemo. Maandishi yakatolewa mwaka uliofuata.

Kila mwanafunzi wa Kigoma amesimuliwa habari za Stanley kukutana na Livingstone chini ya mwembe wa Ujiji. Sindano na uzi havitajwi, ingawa pasipo hivyo ushahidi wa Nyangwe ungetawanyika njiani.

Anayetaka kujifunza ufundi huo wa kushona na kujalidi vitabu kama burudani ya jioni hahitaji kuagiza vifaa kutoka mbali. Fundi viatu ana msharasi wa kutobolea, warina asali wana nta ya kulainishia uzi, na mbao mbili zenye tofali juu yake zinatosha kuwa kibano. Uzi ndio wa kuangalia. Ule wa nailoni wa kushonea nyavu umejaa mialoni, Kibirizi na kwingineko, lakini hukata karatasi kama wembe. Wa pamba mnene ni salama zaidi.

Kazi ya kwanza iwe daftari. Karatasi nne au tano hukunjwa pamoja kuwa fungu moja, mafungu kadhaa yakapangwa, yakatobolewa kwenye mkunjo, kisha yakashonwa moja baada ya jingine. Hapo ndipo tofauti na vitabu vingi vya kiada inapoonekana: hivyo hukatwa mgongoni na kubandikwa gundi tu, ikikauka kurasa zinang'oka. Shuleni huokolewa kwa pini za stepla ubavuni, nazo hushika kutu na kukizuia kitabu kufunguka sawasawa.

Gundi yenyewe iko jikoni. Wanga wa muhogo hukorogwa kwa maji baridi, ukapikwa polepole hadi ung'ae, ukapozwa na kuchujwa kwa kitambaa. Sifa yake kubwa si kushika, maana zipo gundi za dukani zinazoshika kuliko huo. Sifa yake ni kwamba ukiloweshwa huachia, na fundi wa kesho ataweza kurekebisha alichokosea wa leo. Selotepu haina huruma hiyo: huacha doa la kahawia lisilotoka. Mende nao hupenda wanga, ndiyo maana wajalidi wa zamani walitia mafuta ya karafuu.

Msimu wa mvua ndio adui mkubwa ziwani. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani, kwani jalada hupinda. Kisimamishwe kivulini penye upepo, na karatasi kavu ziwekwe katikati ya kurasa. Koga ikishaingia, hufutwa nje ya nyumba kwa brashi laini baada ya kitabu kukauka, pua ikiwa imefunikwa.

Kuna vitabu ambavyo mwanafunzi hana budi kuviacha. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, huchunguzwa na wataalamu pamoja na ngozi na mishono yake, maana hata jalada ni sehemu ya historia. Nyumba ya Ujiji yenye msahafu wa babu uliochanika iutafutie sanduku safi la kadibodi, juu ya rafu iliyo mbali na ukuta wenye unyevu, bila tone la gundi.