Macho Yanayopima Gunia Mpondwe

Je, wajua kwamba mama anayevuka kwa miguu Mto Lhubiriha, mpakani mwa Uganda na Kongo huko Mpondwe, beseni la mukene (dagaa) kichwani, huingia kwenye takwimu za taifa? Malori yanayokata njia panda ya Kikorongo kuelekea mpakani kupitia Bwera yana mizani na karatasi za forodha. Mzigo wa mama huyu hupimwa kwa macho.

Tangu miaka ya 2000, Idara ya Takwimu ya Uganda, UBOS, na Benki Kuu huweka makarani mipakani, Mpondwe ikiwamo. Karani huketi penye njia ya kuvukia, akitazama nani anapita na nini. Baiskeli ikipita na gunia la mahindi na mkungu wa matoke juu yake, anaandika bidhaa, idadi na upande inakoelekea. Vipimo vyake ni vya sokoni: debe, gunia, jerikeni, mkungu. Baadaye hugeuzwa kuwa kilo na kutiwa bei. Wanahesabu wiki mbili kila mwezi, kisha hesabu hukuzwa ienee mwezi mzima. Kazi hii inataka mtu anayelijua soko, kwani gunia la mukene wakavu na gunia la maharage huweza kulingana kwa ukubwa, na uzito ukapishana mbali. Tena kinachopita usiku hakimo kabisa.

Kwa kuwa mizigo hii inahesabiwa waziwazi, nakereka biashara hii inapoitwa magendo. Ni chakula kinachovuka mchana kweupe, kati ya Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kasindi na Beni, upande wa Kongo, ndugu wanaosikilizana lugha. Kongo mara nyingi ndiyo mnunuzi mkubwa wa mizigo midogo ya Uganda. Hata hivyo, Machi 2020 korona ilipoingia, malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita na watembea kwa miguu wakazuiwa. Serikali iliyohesabu mabeseni hayo miaka yote ilijua ni nani itakayemfungia riziki, na ilipaswa kumtafutia njia salama ya kuuza.

Siku za soko Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa. Kwenda Kongo: samaki wa chumvi, mukene, chumvi ya Katwe, maharage, mahindi, mayai, sabuni. Kuja Uganda: mawese, kahawa, mbao, vitenge.