Kompyuta Ikigoma Kuweka Programu: Tafuta Sababu Kabla ya Kutoa Dola

Kuanzia Januari mpaka tarehe 15 Aprili, simu nyingi ninazopigiwa hapa North Buffalo ni za mambo ya kodi. Lakini mara nyingi, kabla hatujaigusa kodi yenyewe, tunakwama kwenye kompyuta. "Inakataa kuweka programu." "Inazunguka tu, halafu inaniambia imeshindwa." Swali linalofuata huwa ni lile lile: ninunue nyingine?

Ndugu yangu, ngoja kwanza tupige hesabu. Tuseme laptopu mpya inauzwa dola 400. Hapa kaunti ya Erie kodi ya mauzo ni asilimia 8.75, kwa hiyo pale kaunta unatoa dola 435. Kama wewe hutuma nyumbani dola 150 kwa mwezi, hiyo ni karibu miezi mitatu ya pesa ya mama na ada za watoto. Si pesa ya kutoa kwa hasira. Mimi ni mhasibu, si fundi wa kompyuta, lakini hizi sababu nimeziona zikijirudia, na nyingi dawa yake ni bure au dola chache.

Anza na nafasi

Laptopu nyingi za bei rahisi zina nafasi ndogo sana ya kuhifadhi vitu, GB 32 au 64. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa, halafu picha na video za harusi zinamaliza iliyobaki. Apdeti ikija inatafuta mahali pa kukaa, inakosa, inagoma. Ni kama kuleta mbao kwenye saiti ambayo haina pa kuziweka: dereva atageuza gari na kurudi nazo.

Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Storage", uone umebakiwa na kiasi gani. Kwenye "Temporary files" unaweza kufuta takataka nyingi kwa mara moja. Ila chunga kitu kimoja: kwenye orodha hiyo folda ya "Downloads" nayo huwemo. Kama ndimo ulimoweka karatasi za uhamiaji au hati za mshahara, usiiwekee alama. Hamisha picha kwenye flashi, futa zile usizozihitaji, zima kompyuta na kuiwasha upya, halafu jaribu tena. Hiyo ya kuzima na kuwasha watu wanaicheka, lakini apdeti nyingine iko nusu njiani inangoja hilo tu.

Tazama saa

Kompyuta ikidhani leo ni mwaka 2015, haitaamini vyeti vya usalama vya tovuti wala vya programu, na itakataa kila kitu. Rekebisha tarehe, saa na eneo la saa. Buffalo tunatumia saa za Mashariki. Kama kila ukiizima saa inapotea tena, kuna betri ndogo ya mviringo ndani imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile inayoitwa CR2032, na bei yake ni dola chache tu. Hakuna sababu ya kutupa kompyuta nzima kwa ajili ya betri.

Labda haijaruhusiwa tangu dukani

Hapa wengi hushangaa. Laptopu nyingi za bei nafuu huuzwa zikiwa kwenye hali inayoitwa "S mode". Katika hali hiyo zinakubali programu kutoka duka la Microsoft peke yake. Programu uliyoitoa mahali pengine, hata iwe halali kabisa, itakataliwa. Kompyuta haijaharibika, imefungwa tu. Kuitoa kwenye hali hiyo ni bure: "Settings", "System", "Activation", kisha fuata kiungo kinachokupeleka dukani kwao. Jua tu kwamba ukishatoka hurudi tena. Mtu akikutoza dola 60 kwa kazi hiyo, amekuuzia mlango ulio wazi.

Na kama ni Chromebook, hiyo si Windows. Programu za Windows hazitaingia humo hata ujaribu mwaka mzima. Kila Chromebook pia ina tarehe yake ya mwisho ya kupata apdeti, nayo imeandikwa ndani ya mipangilio yake. Kabla ya kununua iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe akuonyeshe tarehe hiyo. Akikataa, rudisha pochi mfukoni.

Kompyuta si yako peke yako

Kompyuta aliyopewa mtoto shuleni, au ile uliyopewa na ofisi ya wauguzi wa nyumbani, ina mwenyewe. Ikikuomba nenosiri la msimamizi, usitafute njia ya panya. Shule au ofisi ndiyo yenye ruhusa. Hata kompyuta ya nyumbani, kama iliandaliwa na shemeji kwa jina lake, yeye ndiye msimamizi na wewe ni mgeni. Mpigie shemeji kwanza.

Windows 10 imefika mwisho wake

Sababu hii ni mpya, na ndiyo imewatisha watu zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, inaendelea kufanya kazi. Ila mashimo mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena, na hilo ni hatari kwa mtu anayefungulia humo akaunti ya benki.

Windows 11 nayo inachagua. Inataka RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina. Lakini nyingine wanacho, kimezimwa tu, na fundi anayejua kazi anaweza kukiwasha kwa dakika chache. Microsoft wana programu ya bure, PC Health Check, inayokuambia kama kompyuta yako inafaa na kama haifai ni kwa nini.

Ikishindikana, kuna muda wa nyongeza. Microsoft wanatoa apdeti za usalama kwa Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Lazima kompyuta iwe na toleo la 22H2. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe chochote ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Malipo hayo ya dola 30 yanatosha kompyuta mpaka 10 za akaunti moja. Kiungo cha kujiandikisha kinaonekana pale pale kwenye "Windows Update". Usikitafute kwa Google, na usikubali mtu akuuzie.

Hapa ndipo tunapoliwa

Kompyuta ikigoma, mtu huingia mtandaoni kutafuta msaada, na wezi wanajua hilo. Ghafla kioo kinakuwa chekundu, king'ora kinalia, maandishi yanasema kompyuta ina virusi, piga namba hii. Sikia: ujumbe wa kweli wa hitilafu kutoka Microsoft hauwekwi namba ya simu. Hauwekwi kamwe. Ukiona namba, huyo ni tapeli. Usipige. Funga kivinjari, na kikikataa kufungwa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime.

Ukipiga, atajibu mtu mpole sana. Atakuomba uweke programu ya kumwezesha kuiona kompyuta yako akiwa mbali. Ajabu ni kwamba ile programu yake itaingia bila kugoma! Kisha atakuomba ufungue benki, "arudishe" pesa au "ahakikishe" akaunti. Au atakutuma dukani ununue kadi za zawadi umsomee namba. Hakuna kampuni halali inayolipwa kwa kadi za zawadi.

Kama tayari umemruhusu, usikae na aibu. Fanya hivi kwa haraka:

Kata intaneti kwenye kompyuta hiyo.

Piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, si namba nyingine yoyote.

Badilisha manenosiri ukitumia simu yako, si kompyuta hiyo.

Toa taarifa kwenye ReportFraud.ftc.gov.

Haraka ina thamani yake kisheria. Pesa ikitolewa kwenye akaunti yako bila idhini yako, ukatoa taarifa benki ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue, hasara yako kwa kawaida haizidi dola 50. Ukichelewa inaweza kufika dola 500, na ukiacha siku 60 zipite tangu utumiwe taarifa ya akaunti, zinazochukuliwa baada ya hapo unaweza kuzikosa zote. Pesa uliyoituma mwenyewe kwa kudanganywa ni ngumu zaidi kuirudisha. Lakini kama uliituma nje ya nchi kupitia kampuni ya kutuma pesa, kwa kawaida una dakika 30 baada ya kulipa za kuifuta, mradi mpokeaji hajaichukua. Pigia kampuni hiyo kabla hujampigia rafiki kulia.

Kwa nini haya yamo kwenye ukurasa wa pesa

Tangu tarehe 1 Januari 2026, serikali ya Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa inayotumwa nje ikiwa umelipia kwa noti taslimu, hundi ya posta au karatasi za aina hiyo. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya hapa, au kwa kadi ya benki ya hapa, hulipi kodi hiyo. Anayetuma dola 300 kila mwezi kwa taslimu anaacha dola 36 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya bei ya mwaka mzima wa usalama wa Windows 10. Kwa hiyo kifaa salama cha kufungulia benki, iwe simu au kompyuta, ni chombo cha kazi kama nyundo au ndoo.

Na ukihitaji kompyuta leo huku yako imelala, maktaba za Buffalo na kaunti ya Erie zina kompyuta na intaneti bila malipo. Hapa kwetu tawi la North Park liko Hertel Avenue. Hapo soma, chapa, jaza maombi ya kazi. Mambo ya benki yaache kwa kifaa chako mwenyewe.

Kama umekagua nafasi, saa, "S mode", mwenye kompyuta na toleo la Windows, na bado imegoma, basi huenda imezeeka kweli. Hata hapo usikimbilie mkopo wa duka. Weka pembeni dola 10 kila wiki, na baada ya wiki 44 una dola 440, unanunua taslimu bila riba ya mtu. Pesa ya nyumbani itaendelea kwenda tarehe ile ile.