Injini Adimu na Magari Yaliyopotea: Dai, Ushahidi na Mipaka ya Kisakale

Ikisiri

Makala haya yanachambua simulizi zinazosambaa nchini Marekani kuhusu injini adimu na magari yaliyopotea ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wasimulizi huzitoa kama habari za kweli, huzihusisha na watu wa karibu, na matukio yake si ya kale. Kwa sababu hiyo hazikai vizuri katika kijitanzu tunachokiita kisakale. Makala yanaonesha kwamba uhai wa simulizi hizi hautokani na ukale wake, bali na dai ambalo ushahidi wake unaaminika kuwapo ingawa haufikiki. Kwa msingi huo inapendekezwa istilahi ya kisadai, ambayo inaweza kuzihudumia pia simulizi za Afrika Mashariki kama vile za mumiani.

1.0 Utangulizi

Katika uainishaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili, hususani ule uliowekewa misingi na M. M. Mulokozi, kisakale ni simulizi inayochanganya historia na ubunifu kuhusu mashujaa na matukio ya zamani. Fumo Liyongo ndiye mfano unaotajwa kwanza darasani. Istilahi yenyewe imebeba wakati ndani yake: ni kisa cha kale. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anapokutana na simulizi inayodaiwa kutokea mwaka jana, kwa jirani wa binamu yake, huiita uvumi, tetesi au soga. Hapo uchambuzi wa kifasihi hukoma, kwa kuwa maneno hayo yanataja tabia ya watu kuzungumza bila kueleza umbo la kinachozungumzwa.

Simulizi za magari ya Marekani zimeteuliwa hapa kwa sababu moja ya kimbinu. Gari ni chombo cha chuma chenye namba zilizogongwa kiwandani. Dai linalotolewa juu yake linaweza, angalau kinadharia, kuthibitishwa au kukanushwa. Kwa hiyo tunaweza kutazama kwa ukaribu usio wa kawaida kinachotokea pale simulizi inapokutana na ushahidi, na pale inapoukosa.

2.0 Usuli wa magari yenyewe

Magari yanayohusika ni yale ya ukubwa wa kati au mdogo yaliyotiwa injini kubwa za silinda nane kwa ajili ya mwendo kasi, ambayo Wamarekani huyapa jina linalotokana na misuli. Katika makala haya yataitwa magari ya nguvu. Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyopewa injini ya inchi za ujazo 389, hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa mtindo huo. Bima ghali, sheria za kupunguza moshi na hatimaye msukosuko wa mafuta wa 1973 viliufifisha. Kipindi kilikuwa kifupi, wanunuzi wengi walikuwa vijana, na magari mengi yaligongwa, yaliuzwa chakavu au yalibadilishwa injini. Yaliyobaki yamekuwa mali ya thamani kubwa. Ufupi wa kipindi, upotevu mwingi na thamani iliyopanda baadaye ndivyo vilivyoandaa uwanja wa simulizi.

3.0 Aina tatu za simulizi

3.1 Injini inayodaiwa kuwamo

Aina ya kwanza husimulia juu ya gari lililotoka kiwandani likiwa na injini ambayo vitabu havikiri kuwapo kwake. Ili kuielewa, tulinganishe injini mbili za Chevrolet. Ya kwanza ni ZL1 ya mwaka 1969, injini ya inchi za ujazo 427, yaani takribani lita 7, yenye bloku ya alumini. Ilitiwa katika Camaro 69 tu kupitia utaratibu wa maagizo maalumu ya ofisi kuu. Hamsini kati ya hizo ziliagizwa na muuzaji mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois. Bei ya injini hiyo peke yake ilizidi dola 4,000, zaidi ya bei ya msingi ya gari lenyewe, na magari hayo yalikuwa magumu kuuzika. Jambo hili lina sura ya kisa cha kutunga, lakini ni historia.

Injini ya pili ni LS7 ya inchi za ujazo 454. Ilitajwa katika machapisho ya awali ya mwaka wa modeli 1970, kisha ikaondolewa kabla ya kuuzwa ndani ya gari kwa utaratibu wa kawaida. Hata hivyo iliuzwa kama kipuri: aliyekuwa na fedha aliweza kuinunua na kuifunga mwenyewe. Hapa ndipo simulizi inapopata mlango. Msimulizi anasema kwamba mtu fulani wa mji wao alikuwa na gari lenye LS7 tangu kiwandani. Injini ilikuwapo kweli, karatasi iliyoitaja ilikuwapo kweli, na huenda hata gari lililofungwa injini hiyo lilionekana kweli mtaani. Kisichothibitika ni kiungo kimoja tu, yaani nani aliyeifunga. Simulizi nzima inaning’inia kwenye kiungo hicho.

3.2 Gari lililopotea

Aina ya pili husimulia juu ya gari mashuhuri lililofichwa, kwa kawaida ndani ya banda la shambani, chini ya turubai na vumbi. Mfano bora ni Ford Mustang ya mwaka 1968 iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Magari mawili yalitumika. Moja lilinunuliwa na familia ya kawaida mwaka 1974 na kutumika kwa safari za kila siku. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba kulinunua, asifanikiwe. Kwa miongo kadhaa gari hilo lilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Mwaka 2018 lilioneshwa hadharani Detroit, na Januari 2020 liliuzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. La pili, lililodhaniwa kuwa limeangamizwa, lilipatikana Baja California nchini Meksiko, likiwa gofu la chuma.

Tukio hili lina athari kubwa katika utanzu wenyewe. Kila ugunduzi wa kweli huzipa nguvu simulizi nyingine ambazo hazijathibitishwa: ikiwa lile lilikuwapo bandani, kwa nini hili lisiwepo?

3.3 Gari la bei ya kutupa

Aina ya tatu ndiyo iliyochunguzwa zaidi na wanafolklora. Gari zuri, mara nyingi Corvette, linauzwa kwa bei ndogo mno kwa sababu mtu alifia ndani yake na harufu haitoki. Richard Dorson aliifuatilia simulizi hii hadi Mecosta, Michigan, ambako ilihusishwa na Ford kuukuu. Jan Harold Brunvand aliijadili katika kitabu chake cha 1981 kuhusu simulizi za mijini. Katika toleo jingine mama anauza kwa bei ya kutupa gari la mwanawe aliyeuawa Vietnam. Chapa na mwaka wa gari hubadilika kufuatana na matamanio ya kizazi. Muundo haubadiliki: hazina ipo, bei ni ndogo, na kuna kifo kinachoeleza udogo wa bei hiyo.

4.0 Kimya cha kumbukumbu

Simulizi za aina ya kwanza hazistawi kwa kiwango kimoja katika chapa zote. Kwa magari ya Ford tangu mwaka wa modeli 1967, takwimu za kiwanda kwa kila gari zimehifadhiwa, na mmiliki anaweza kupata ripoti kwa kutumia namba ya chasisi. Kwa Pontiac, nakala za ankara za kiwandani zinapatikana. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani, kumbukumbu za gari mojamoja za miaka hiyo hazipatikani kwa jumla. Mmiliki hutegemea karatasi zilizosalia ndani ya gari na namba zilizogongwa kwenye injini, na namba zinaweza kusagwa na kugongwa upya na mlaghai.

Tofauti hii inatufundisha jambo la kinadharia. Dai kwamba kulikuwa na Ford ya aina fulani ambayo vitabu haviijui huweza kufikia kikomo kwa ripoti moja. Dai la namna hiyo kuhusu Chevrolet laweza kuishi miaka hamsini. Simulizi hukua pale kumbukumbu inapoaminika kuwa ilikuwapo na sasa haifikiki. Penye kumbukumbu kamili, simulizi hugeuka historia au uongo. Na pale ambapo hakuna anayefikiri kwamba kumbukumbu ingeweza kuwapo, kama ilivyo katika ngano za Sungura, swali la ushahidi haliulizwi kabisa.

5.0 Lugha ya kudai

Simulizi hizi hazina fomula ya ufunguzi inayolingana na “Paukwa! Pakawa!”. Fomula hiyo huwaondoa wasikilizaji katika ulimwengu wa ushahidi, ilhali msimulizi wa gari lililopotea anataka wabaki humo. Badala yake huanza na mnyororo wa watu: binamu yangu alihadithiwa na fundi aliyeliona gari kwa macho yake. Mwandishi Mwingereza Rodney Dale aliipa hali hii jina la rafiki wa rafiki mwaka 1978.

Msomaji anayefahamu elimu ya Hadithi za Mtume ataona hapa kitu kinachofanana na isnadi. Mfanano huo ni wa juujuu. Isnadi humtaja kila mpokezi kwa jina ili uaminifu wake upimwe. Mnyororo wa simulizi hizi huwataja wapokezi kwa uhusiano wao tu, yaani binamu, jirani, fundi, ili ukaribu wao uhisiwe bila wao kuhojiwa.

Kiswahili kina nyenzo zake za kuonesha msimamo wa msemaji kuhusu habari ya kusikia. Kitenzi inasemekana humwondoa mtenda kabisa: tunaweza kusema inasemwa na watu, lakini si inasemekana na watu. Neno eti huenda mbali zaidi, kwa kuwa mara nyingi hudokeza shaka au kejeli. Linganisha sentensi “Gari liko bandani” na “Eti gari liko bandani”. Ya kwanza inadai. Ya pili inanukuu dai na kujitenga nalo. Mtafiti anayenukuu simulizi za aina hii kwa Kiswahili hana budi kurekodi viashiria hivyo kwa uangalifu, kwani akivifuta anafuta mpaka kati ya anayeamini na anayedhihaki.

6.0 Kutoka kisakale hadi kisadai

Tatizo hili si la Marekani peke yake. Katika kipindi cha ukoloni, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo walisimulia kuhusu mumiani, wazimamoto na batumbula waliodaiwa kuwakamata watu na kuwanyonya damu, mara nyingi kwa kutumia magari. Mwanahistoria Luise White alizichambua simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, akazitumia kama chanzo cha historia ya kazi, teknolojia na mamlaka. Wanahistoria wamezifanyia kazi kubwa. Sisi wa fasihi simulizi bado tunaziweka katika kapu la uvumi.

Istilahi inayopendekezwa hapa ni kisadai, wingi visadai, iliyoundwa kutokana na kisa na dai kwa kufuata mfano wa kisakale na kisasili. Kisadai kina sifa tatu. Kwanza, kinadai kutokea katika wakati na mahali ambapo msikilizaji anaweza kupahusisha na maisha yake. Pili, shahidi wake yuko karibu lakini hayupo mbele yetu. Tatu, kuna kitu, mahali au waraka ambao ungemaliza ubishi lau ungefikiwa.

Kinachozuia kufikiwa kwa ushahidi hutofautiana. Katika simulizi za magari ya nguvu ni karatasi zilizopotea na mabanda ya watu binafsi. Katika simulizi za mumiani ilikuwa ni mamlaka: kituo cha zimamoto kilikuwa na lango, na aliyekuwa nje hakuwa na haki ya kuuliza kilichokuwa ndani. Tofauti hii inapaswa kuchunguzwa, si kufunikwa na jina moja. Jina linatuwezesha tu kuiona.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba simulizi za injini adimu na magari yaliyopotea zina muundo, lugha na masharti ya uhai yanayoweza kuelezwa, na kwamba kigezo cha ukale hakiyafafanui. Pendekezo la kisadai halikusudii kukiondoa kisakale. Huenda baadhi ya visakale vyetu ni visadai vilivyozeeka, ambavyo hakuna tena anayedai viletewe shahidi. Kaburi linalodaiwa kuwa la Liyongo katika eneo la Ozi lingekuwa mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi huo. Kwa sasa, kazi ya dharura ni kukusanya simulizi zinazosikika katika gereji, vijiwe na vituo vya daladala zikiwa na viashiria vyake vyote vya kudai na kushuku, kabla wasimulizi wake hawajatoweka.