Macho ya Pamoja, Uamuzi wa Kila Nchi: Ushirikiano wa Ulaya katika Usalama wa Baharini na Majukumu ya Ulinzi wa Pwani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna nchi za Ulaya zinavyoshirikiana katika usalama wa baharini na majukumu ya ulinzi wa pwani. Yanaonesha kwamba ushirikiano huo haukutokana na mpango mmoja uliotungwa mapema, bali ulijengwa hatua kwa hatua baada ya ajali kubwa za meli, kuanzia Amoco Cadiz mwaka 1978 hadi Prestige mwaka 2002. Hoja kuu ni kwamba Umoja wa Ulaya umefanikiwa kuunganisha ukaguzi, taarifa na vifaa, lakini uamuzi wa nini kifanyike chombo kinapokuwa hatarini umebaki mikononi mwa kila nchi. Mwanya huo kati ya kuona na kuamua unajadiliwa kupitia meli zilizonyimwa kimbilio na vyombo vya wahamiaji vilivyozama mwaka 2023.

1.0 Utangulizi

Kati ya nchi 27 wanachama wa Umoja wa Ulaya, 22 zina pwani. Meli inayotoka Bahari ya Baltiki kwenda Mediterania hupita katika maji ya nchi nyingi bila kuona mpaka wowote, na mafuta yanayomwagika mbele ya nchi moja huweza kufika ufukwe wa nchi nyingine baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo, usalama wa baharini ni suala ambalo nchi moja haiwezi kulimaliza peke yake.

Hata hivyo, Ulaya haina kikosi kimoja cha walinzi wa pwani kinachopokea amri kutoka makao makuu mamoja. Majukumu hayo yamegawanywa miongoni mwa taasisi zaidi ya 300 za kiraia na za kijeshi katika nchi wanachama. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ushirikiano wa namna hii unaweza kufanya nini, na unakomea wapi?

2.0 Dhana ya Majukumu ya Ulinzi wa Pwani

Katika nyaraka za Umoja wa Ulaya, istilahi inayotumika si “kikosi cha ulinzi wa pwani” bali “majukumu ya ulinzi wa pwani”. Uteuzi huo wa maneno una sababu. Istilahi ya kwanza ingedai kuwepo kwa chombo kimoja; ya pili inataja kazi tu, bila kujali nani anaifanya. Kazi hizo ni pamoja na kuongoza safari za meli, kutafuta na kuokoa watu, kuzuia na kusafisha uchafuzi wa bahari, kudhibiti uvuvi, kulinda mipaka, kusimamia forodha, na kupambana na magendo.

Tofauti za kitaifa zinaeleza kwa nini istilahi hiyo ililazimu. Nchini Italia, walinzi wa pwani ni tawi la jeshi la wanamaji, ilhali kazi zao nyingi husimamiwa na wizara inayohusika na uchukuzi. Polisi wa fedha nao wana boti zao. Nchini Finland, kazi ya kuokoa baharini iko chini ya walinzi wa mpaka. Hispania imeikabidhi kwa shirika la kiraia, huku kazi za kipolisi zikifanywa na Guardia Civil. Ujerumani huiachia kazi ya uokoaji asasi inayoendeshwa kwa michango ya hiari, na mwaka 2003 ilianzisha kituo cha pamoja cha kushughulikia ajali kubwa huko Cuxhaven. Hatua hiyo ilifuatia mkasa wa meli Pallas wa mwaka 1998, uliodhihirisha udhaifu wa uratibu kati ya serikali kuu na serikali za majimbo.

Hivyo basi, ofisa wa Italia anapotafuta mwenzake wa Ujerumani, jambo la kwanza analopaswa kujua ni taasisi ipi hasa inahusika. Jukwaa la Majukumu ya Ulinzi wa Pwani la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 2009, lilikusudiwa kuzikutanisha taasisi hizo. Mwaka 2021 Tume ya Ulaya ilitoa pendekezo lililoambatana na kitabu cha mwongozo wa utendaji kwa ajili ya ushirikiano huo. Si jukwaa wala kitabu kinachoweza kumwamuru mtu: vyote viwili hutegemea hiari.

3.0 Ajali kama Chanzo cha Sheria

3.1 Kutoka bendera hadi bandari

Kwa desturi ya sheria za bahari, mwenye dhamana ya kwanza juu ya ubora wa meli ni nchi ambayo meli hupeperusha bendera yake. Udhaifu wa desturi hiyo ulionekana wazi tarehe 16 Machi 1978, pale Amoco Cadiz, meli ya mafuta yenye bendera ya Liberia, ilipopanda mwamba katika pwani ya Brittany, Ufaransa, na kumwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta ghafi. Hasara iliwaangukia wavuvi wa Ufaransa, si nchi ya bendera.

Jibu lilikuja mwaka 1982, taasisi za bahari za nchi 14 zilipotia saini Hati ya Makubaliano ya Paris. Kwa hati hiyo, nchi ya bandari hukagua meli za kigeni zinazotia nanga kwake, huwapa wenzake matokeo, na huizuia kuondoka meli yenye kasoro za hatari. Meli iliyoonekana mbovu Rotterdam haiwezi tena kujifanya ngeni Marseille. Mwanzoni kila nchi ilitakiwa kukagua robo ya meli za kigeni zilizoingia kwake. Tangu mwaka 2011, uteuzi wa meli za kukaguliwa hufuata kiwango cha hatari: aina ya meli, umri wake, rekodi ya bendera yake na ya kampuni inayoiendesha.

3.2 Erika na Prestige

Ukaguzi wa bandarini haukutosha. Tarehe 12 Desemba 1999, Erika, meli ya mafuta iliyoundwa mwaka 1975 na yenye bendera ya Malta, ilikatika vipande viwili katika dhoruba karibu na Brittany. Mabaharia wote 26 waliokolewa, lakini takriban tani 20,000 za mafuta mazito zilichafua fukwe. Nyaraka za meli hiyo zilikuwa zimekamilika. Lililokuwa limechoka ni chuma.

Baada ya hapo Umoja wa Ulaya ulitunga mafungu ya sheria yaliyobana asasi zinazothibitisha ubora wa meli, yaliharakisha kuondolewa kwa meli za mafuta zenye ubavu wa tabaka moja, na kuanzisha Shirika la Ulaya la Usalama wa Baharini, EMSA, kwa kanuni ya tarehe 27 Juni 2002. Makao yake makuu yako Lisbon.

Kabla shirika hilo halijaanza kazi barabara, ikatokea Prestige. Tarehe 13 Novemba 2002 meli hiyo iliomba msaada mbele ya pwani ya Galicia, Hispania, ikiwa na shehena ya takriban tani 77,000 za mafuta mazito. Mamlaka za Hispania ziliamuru ivutwe mbali na nchi kavu. Ilizungushwa baharini kwa siku sita, na tarehe 19 Novemba ilikatika na kuzama. Mafuta yalifika Galicia na pwani nzima ya kaskazini mwa Hispania, kisha yakafika Ufaransa. Kuifukuza meli hakukuiondoa hatari, bali kuliitawanya.

4.0 Macho ya Pamoja

Katika miaka iliyofuata, kilichojengwa kwa mafanikio makubwa ni uwezo wa kuona. Mfumo wa SafeSeaNet, uliotokana na sheria ya mwaka 2002 kuhusu ufuatiliaji wa meli, huwezesha nchi kubadilishana taarifa za mahali meli ilipo, bandari inakokwenda na shehena ya hatari iliyobeba. Huduma ya CleanSeaNet, iliyoanza mwaka 2007, hutumia picha za setilaiti kutambua madoa ya mafuta juu ya maji, na nchi husika hupewa tahadhari. EMSA aidha hukodi meli za kibiashara zinazokaa tayari kukusanya mafuta yaliyomwagika, ili nchi ndogo isilazimike kumiliki vifaa ambavyo huenda itavihitaji mara moja tu katika kizazi.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa mwezi Septemba 2016. Kanuni tatu zilizopitishwa kwa pamoja ziliyataka mashirika matatu kushirikiana katika majukumu ya ulinzi wa pwani: EMSA ya Lisbon, shirika la mipaka Frontex la Warsaw, na shirika la udhibiti wa uvuvi la Vigo. Mashirika hayo yanatakiwa kupeana taarifa, kutoa huduma za uangalizi, kufundisha maofisa na kutumia vifaa kwa pamoja. Ndege iliyotumwa kutafuta wavuvi haramu inaweza kuripoti doa la mafuta, na iliyotumwa kulinda mpaka inaweza kugundua watu walio hatarini.

Mpango huo unaokoa fedha na muda. Hata hivyo, kanuni hizo haziyapi mashirika mamlaka ya kuziamuru nchi. Shirika huona na kutaarifu; nchi ndiyo inayoamua.

5.0 Mwanya kati ya Kuona na Kuamua

5.1 Meli zisizopokelewa

Tatizo la kimbilio lilikuwa limeshajitokeza kabla ya Prestige. Mwanzoni mwa mwaka 2001, meli Castor, iliyobeba petroli na yenye ufa katika sitaha, ilivutwa huku na huko katika Mediterania kwa zaidi ya mwezi mmoja kwa sababu kila nchi iliikataa. Mwaka 2009 sheria ya Umoja wa Ulaya ilirekebishwa ili kila nchi iwe na mamlaka moja yenye uwezo wa kuamua kwa uhuru, bila shinikizo la kisiasa, kama meli ipokelewe.

Marekebisho hayo yalipata mtihani Julai 2012, meli ya makontena MSC Flaminia, yenye bendera ya Ujerumani, iliposhika moto katikati ya Atlantiki. Meli ilivutwa hadi karibu na Ulaya, ikasubiri huku nchi zikijadiliana, na haikufika Wilhelmshaven, Ujerumani, hadi tarehe 9 Septemba. Mahali ilipo palijulikana muda wote huo. Kilichokosekana ni mwenye wajibu wa kusema “iingie hapa”. Miongozo ya pamoja iliyotungwa baadaye imerahisisha mazungumzo, lakini uamuzi ungali wa nchi moja moja, na nchi hiyo ndiyo itakayobeba gharama na lawama za wananchi wake.

5.2 Watu wasiookolewa

Pale ambapo shehena ni watu, mwanya huo hugharimu uhai. Usiku wa tarehe 25 Februari 2023, ndege ya Frontex iligundua chombo kilichotoka Uturuki kikielekea Calabria, Italia. Taarifa iliyotumwa ilieleza kwamba mtu mmoja alionekana juu ya sitaha, dalili za joto ziliashiria kuwa kulikuwa na watu wengi chini, na chombo kilielea vizuri. Italia ililichukulia tukio kuwa la kipolisi. Boti za polisi wa fedha zilitoka, zikarudishwa na hali mbaya ya bahari. Alfajiri, chombo kilivunjika juu ya mchanga mbele ya Steccato di Cutro. Watu wasiopungua 94 walikufa.

Hapa istilahi iliyojadiliwa katika sehemu ya 2.0 inarudi kwa uzito wake wote. Tukio lilelile, likiitwa “udhibiti wa mpaka”, huenda kwa taasisi moja yenye boti za aina moja. Likiitwa “uokoaji”, huenda kwa taasisi nyingine yenye boti zinazohimili dhoruba. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 656 ya mwaka 2014, inayohusu operesheni za baharini zinazoratibiwa na Frontex, imeorodhesha vigezo vya kutambua hatari: ubora wa chombo, idadi ya watu, akiba, uwepo wa mabaharia wenye ujuzi na hali ya hewa. Aidha, inaweka wazi kwamba kutambua hatari hakutegemei ombi la msaada peke yake. Vigezo vipo, linalobishaniwa ni nani avitumie, na lini.

Mnamo Juni 2023 meli ya uvuvi Adriana, iliyotoka Libya ikiwa imejaa watu, ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Waliookolewa walikuwa 104, mamia walipotea. Ndege ya Frontex ilikuwa imeiona siku iliyotangulia, na shirika lilijitolea mara nne kutoa msaada zaidi wa anga bila kujibiwa na Ugiriki. Katika uchunguzi uliohitimishwa Februari 2024, Mchunguzi Maalumu wa Malalamiko wa Ulaya, Emily O’Reilly, alibaini kwamba kanuni zilizopo zinaifanya Frontex itegemee mno nchi wanachama, kiasi cha kushindwa kutimiza kikamilifu wajibu wake wa haki za binadamu.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika matukio haya shida ni ya sura nyingine: manahodha ni wengi, lakini kila mmoja anaweza kudai kuwa zamu si yake.

6.0 Mfano wa Ulaya Nje ya Ulaya

Mpangilio huu haukubaki Ulaya. Hati ya Paris ilikuwa kielelezo cha makubaliano kama hayo katika kanda nyingine, yakiwemo ya Bahari ya Hindi ya mwaka 1998, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama. Vilevile, kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, kituo cha kuunganisha taarifa za baharini kilianzishwa Madagaska na kituo cha kuratibu operesheni Shelisheli. Mgawanyo ni uleule: kituo kimoja huona, kingine huratibu, na meli za kutumwa ni za nchi. Kwa hiyo, pamoja na mfano huo, kanda inarithi pia swali lake: taarifa ikishafika, nani analazimika kuitendea kazi?

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Ulaya imepiga hatua kubwa pale ambapo ushirikiano haukuitaka nchi iachie uamuzi wake. Ukaguzi wa bandarini, taarifa za meli, picha za setilaiti na meli za kusafisha mafuta vyote vinafanya kazi kwa sababu kila nchi inafaidika na hakuna inayobeba mzigo peke yake. Ushirikiano hulegea pale ambapo kuamua ni kupokea: kupokea meli inayovuja, au kupokea watu wasio na kwao.

Kuongeza ndege na setilaiti hakutaziba mwanya huo. Kunaweza hata kuupanua, kwa kuwa kadiri macho yanavyoongezeka ndivyo visingizio vya kutojua vinavyopungua, ilhali wajibu wa kutenda unabaki palepale. Kinachohitajika ni kanuni inayofungamanisha taarifa na wajibu: anayepokea taarifa atajwe, muda wa kujibu uwekwe, na ikiwa nchi haijibu, ijulikane mapema ni nani atakayechukua usukani. Bila hivyo, ajali zitaendelea kuonekana vizuri zaidi kuliko zinavyozuiwa.