Umepita KCSE, nyumbani hakuna aliyesoma chuo: kozi utamuuliza nani?

Matokeo ya KCSE yakitoka, shule huwa imemalizana nawe. Mwalimu wa ushauri nasaha aliyewaongelesha mara moja mkiwa Kidato cha Tatu yuko na wengine sasa. Mtaani, mshauri anayebaki ni jamaa wa saiba, na nyuma yako kuna foleni inayongoja kompyuta hiyo hiyo.

Mwenzako ambaye mamake ni mhasibu anauliza maswali yake mezani wakila chapati. Wewe utakayekuwa wa kwanza kwenu kukanyaga chuo unaambiwa tu, "chagua kitu kizuri." Kwa mjomba, kizuri ni udaktari au uhandisi, basi.

Kinachoumiza wengi ni pointi za klasta. C+ inakufungulia mlango wa digrii, lakini KUCCPS haitazami gredi ya jumla pekee. Inapiga hesabu ya masomo manne yanayohusiana na kozi yenyewe, na pointi za juu kabisa ni 48. Ndiyo maana watu wawili wenye B wanaweza kuomba kozi moja, mmoja akaitwa na mwingine akaachwa. Zile pointi unazoona zimeandikwa kando ya kozi ni za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Si ahadi. Mwaka huu zinaweza kupanda. Ukijaza kozi ambazo pointi zako zinagusa tu ukingoni, unacheza kamari na ile 1,500 ya mzazi. Weka angalau moja ambayo umeipita mbali.

Jina la kozi nalo hudanganya. Kuna waliohitimu uhandisi, kisha EBK, bodi inayosajili wahandisi, ikawakataa kwa kuwa kozi yao haikuwa imeidhinishwa. Miaka mitano imeenda hivyo! Orodha ya kozi zilizoidhinishwa unaweza kuiangalia kwa simu. Jamaa wa saiba hatakukumbusha, ana foleni.

Pesa ni safari nyingine. Tangu 2023, kuitwa chuoni hakumaanishi umepata ufadhili. Mkopo na ufadhili unaomba kivyake.

Shule zingefungua maktaba siku mbili tu wakati wa kuchagua kozi, mwalimu akae na wale ambao kwao hakuna wa kuuliza. Kama yenu haifanyi hivyo, rudi umtafute mwalimu mwenyewe. Mpelekee matokeo na pointi zako kwanza, kozi ya mjomba ije baadaye.