Matairi ya Pikapu Ivutayo Tela

Baina ya Muheza na Hale, pale barabara itokayo Tanga kwenda Segera inapokatiza mashamba ya mkonge, ndipo nilipopata elimu yangu ya kwanza ya matairi, nami niliipata kwa gharama ambayo simtakii msomaji. Pikapu yangu, Hilux ya dizeli yenye umri wa kutosha kuheshimiwa, ilikuwa ikivuta tela lililobeba mashua ya faiba na mashine yake, safari ya Bwawa la Nyumba ya Mungu. Jua la saa nane lilikuwa limeiva juu ya lami, na nafsi yangu ilikuwa imetulia, kwa kuwa matairi mawili ya nyuma nilikuwa nimeyanunua mapya miezi minne tu iliyotangulia. Nikasikia sauti ya kupigapiga, kama mtu anayekung'uta mkeka uani. Kabla sijatambua yatoka wapi, ngozi ya juu ya tairi la kushoto ikabanduka nzima nzima, ikararua madigadi, na tela likaanza kuyumba nyuma yangu kama mkia wa kenge. Mwenyezi Mungu alisitiri: gari lilisimama kando ya barabara, mashua haikuanguka, na hakuna aliyeumia.

Aliyekuja kuniauni ni fundi wa pancha, mtu wa makamo mwenye jeki kuukuu na ulimi usio na haraka. Alilivua gurudumu, akalilaza chini, akafuta kwa kidole gumba upande wa ndani wa ubavu, ule ambao hauonekani gari linapokuwa limesimama.

“Shekhe, hili umelinunua lini?”

Nikamwambia. Akacheka, pasipo kunidharau.

“Basi njoo usome mwenyewe.”

Mwishoni mwa mstari wa herufi unaoanza na DOT palikuwa na tarakimu nne: 2411. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Yaani tairi lilitoka kiwandani katika wiki ya 24 ya mwaka 2011, nasi siku hiyo tulikuwa katika mwaka 2020. Kwamba lilikuwa halijapata kutembea, hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa limezeekea ghalani, likapakwa dawa ya kung'arisha, likafungwa tarakimu zake zikitazama uvunguni. Jina la duka nalisitiri, si kwa ukarimu bali kwa insafu, maana sehemu kubwa ya taksiri ilikuwa yangu: nilikinunua kwa kutazama kitu ambacho hununuliwa kwa kusoma.

Watu husema kwamba tairi hubeba mzigo, na usemi huo hautadhuru mtu ilimradi ajue kwamba abebaye hasa ni upepo, na tairi ni chombo tu cha kuuhifadhi, kama kiriba kilivyo chombo cha maji. Hiyo ndiyo siri ya jambo alilolifanya John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipofunga mpira uliojazwa hewa kwenye baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe, akapata hati ya ugunduzi wake mwaka 1888. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye pikapu ivutayo tela si kashata ni za namna gani, wala kama maandishi ya tairi ni meupe au meusi, bali ni hili: chombo hiki chaweza kuhimili upepo kiasi gani, na kwa upepo huo kitabeba kilo ngapi?

Jibu limeandikwa ubavuni. Chukua tairi la 265/65R17 112S, ambalo limeenea sana katika pikapu za namna ya Hilux. Hiyo 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa kila mia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hayo kila muuzaji anayajua. Hiyo 112, ambayo jicho aghalabu huiruka, ndiyo kiapo cha tairi: maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, upepo wake ukiwa kamili. Herufi S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa, ambao mvuta tela hana haja nao. Pikapu nyingine za kazi hutoka kiwandani na tairi la 225/70R17C 108/106, ambapo 108 ni kilo 1,000, na 106 ni kwa magari yenye magurudumu pacha nyuma. Kisha yuko ndugu yao mwenye mbavu nene, LT265/65R17 120/117, ambaye kiapo chake ni kilo 1,400. Herufi LT ni alama ya Kimarekani ya tairi la gari jepesi la mizigo. Ile C inayofuata kipimo ni alama ya desturi ya Ulaya kwa madhumuni yayo hayo. Mafundi wetu hupenda kusema “plai nane” au “plai kumi”, na zamani plai zilikuwa tabaka za pamba ambazo mtu angeweza kuzihesabu. Leo ni kipimo cha nguvu tu, na tairi liitwalo la plai kumi huenda likawa na tabaka mbili au tatu za nyuzi madhubuti.

Sasa na tupige hisabu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tela na mashua yangu vilikuwa na uzito wa takriban kilo 2,000. Tela lililopangwa vema hulaza juu ya ndoano ya gari baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Tuseme kilo 250. Mtu atadhani, basi, kwamba magurudumu ya nyuma yameongezewa kilo 250. La hasha! Ndoano iko nyuma ya ekseli, na kwa hiyo gari lote huwa kama ubao wa pembea ya watoto: mkia ukididimizwa, pua huinuka. Hilux ina karibu mita 3.08 baina ya ekseli na ekseli, na ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, zile kilo 250 huwa karibu 350 juu ya magurudumu ya nyuma, ilhali ya mbele hupunguziwa karibu 100, na usukani ukawa mwepesi kuliko inavyofaa. Ongeza uzito wa gari lenyewe, ambalo likiwa tupu hulaza nyuma, tuseme, kilo 800. Ongeza madumu ya mafuta, nyavu, makasha ya barafu na abiria wawili wasiokubali kubaki, kilo 700. Jumla ni 1,850, yaani kila gurudumu la nyuma kilo 925. Kiapo cha 112 hakijavunjwa. Walakini kwa desturi ya Marekani tairi la gari la abiria likifungwa kwenye gari la mizigo, uwezo wake hugawanywa kwa 1.1, na zile kilo 1,120 hushuka hadi 1,018. Imebaki nafasi ya kilo tisini na kitu, na hapo tumechukulia kwamba mzigo umekaa sawa kushoto na kulia, jambo ambalo sijaliona likitokea tangu nianze kupakia mashua.

Haya yote ni kwa tairi lenye afya na lililojaa. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto ambalo halina pa kutokea. Joto hulegeza mpira ulioshika waya za chini ya kashata, na siku moja kashata huaga waya. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi takriban milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer, baada ya ngozi zake kubanduka barabarani na kuua watu; na katika mabishano yaliyofuata, upepo mdogo na jua kali vilitajwa pamoja na kasoro za tairi lenyewe. Sisi wa pwani tuna hilo jua mwaka mzima.

Hapa pana hila moja inayowapata hata wajuzi. Mtu akishabadili matairi ya kawaida akafunga ya LT, huyajaza upepo ule ule wa zamani, mathalani PSI 35, akidhani kwamba unene wa mbavu utafidia. Kumbe tairi la LT lenye upepo wa 35 hubeba pungufu kuliko lile la kawaida lenye upepo huo huo, kwa sababu limeumbwa lifikie nguvu yake kwenye 50, 65 au hata 80. Mwenye kununua mbavu nene asiponunua na upepo wake amenunua hasara. Nao upepo hupimwa asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwani likishatembea joto huupandisha na kipimo husema uongo. Na anayepunguza upepo mchana kwa kuona umezidi, jioni huwa ametembea na tairi lenye njaa. Tazama pia kama ringi zako zinakubali upepo huo. Wala usisahau kwamba tairi la kilo 1,400 haliongezi hata kilo moja katika uwezo wa breki, ekseli au ndoano. Mpaka wa gari hubaki ule uliowekwa na waliolitengeneza.

Juu ya kashata sina mengi, ijapokuwa madukani ndizo zinazozungumzwa zaidi. Zile ndefu za matope hupendeza machoni na hunguruma barabarani. Lakini kashata ndefu hujipinda chini ya mzigo, na mpindo huo mdogo wa kila tairi hufika kwenye tela ukiwa mkubwa, ndipo likayumba. Avutaye tela juu ya lami siku nyingi na kuingia vumbini siku chache achague tairi la lami, au lile la kati lenye kashata za wastani. Kwa sisi tushushao mashua ufukoni, kinachosaidia mchangani si ukali wa kashata bali ni kupunguza upepo hadi 18 au 20, kwenda polepole, kisha kuurudisha kwa pampu kabla ya kupanda lami. Pampu ya kuchomeka kwenye betri hukaa chini ya kiti changu daima.

Kipimo nacho kisibadilishwe kwa tamaa. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, gurudumu hukua kipenyo kwa karibu milimita 26, kiasi cha asilimia tatu na nusu. Mshale wa mwendo husema 80 nawe uko karibu 83, na mashine ya dizeli, ambayo fahari yake ni kuvuta kwa mizunguko ya chini, hupoteza sehemu ya nguvu yake mlimani. Ekseli moja isichanganywe matairi ya namna mbili, na pikapu inayovuta kwa magurudumu manne haipendi tairi jipya upande mmoja na kipara upande wa pili, kwa kuwa tofauti ya mzunguko hukwaruza gia zake. Na lau fedha ni za matairi mawili tu, yafungwe nyuma. Najua kwamba madereva wengi huyapeleka mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kuliko na usukani; lakini mbele pakiteleza gari hukataa kona, na nyuma pakiteleza ilhali kuna tela, tela ndilo linaloshika usukani.

Turudi kwenye umri, uliotuleta hapa. Zamani tairi liliweza kutoka kiwanda cha General Tyre cha Arusha likafika Tanga bado lina harufu ya kuiva, na jirani zetu walikuwa na ya Yana yaliyotengenezwa Nairobi, hadi kazi hiyo ilipokoma mwaka 2016. Leo mengi huja kwa meli, hukaa bandarini, kisha ghala baada ya ghala, na mpira huzeeka hata ukiwa umelala, kwa joto na hewa. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, na miaka 10 huchukuliwa na wengi kuwa mwisho wake hata kama kashata bado zimesimama. Mimi silifungi tairi lililozidi miaka miwili tangu lizaliwe, na la mtumba silifungi kabisa kwenye gari linalovuta. La mtumba halina anayejua limebeba nini wala kama liliwahi kutembea bila upepo. Dizeli iliyomwagika kwenye tairi ioshwe kwa sabuni siku hiyo hiyo, kwani hula mpira. Na matairi ya tela yenyewe, ambayo hukaa juani miezi mitatu yakingoja safari moja, yakaguliwe kwa ukali zaidi kuliko ya gari, maana dereva hayahisi yanapokufa.

Ewe msomaji utakayekwenda dukani, nenda mchana penye mwanga, uwe na kitambaa, na ulisome tairi pande zote mbili lingali chini, kwa sababu zile tarakimu nne mara nyingi huandikwa zote upande mmoja tu. Muuzaji akikuambia kwamba ziko upande wa pili, mwombe aligeuze kabla hujafungua mkoba.