Bando limekwisha na hakuna aliyelitumia? Mzazi, kagua masasisho ya simu na kompyuta

Bando la GB 1 limenunuliwa saa 12 jioni ili mtoto wa kidato cha nne apakue notisi na mitihani iliyopita. Saa 2 usiku unaingia ujumbe kwamba kifurushi kimetumika chote. Mtoto anaapa hajafungua video hata moja. Baba haamini, mama anaichukua simu na kuanza kuikagua, na jioni iliyotengwa kwa kujisomea inageuka kuwa kesi.

Kesi za namna hii ni nyingi majumbani, na mara nyingine mtoto huwa anasema kweli. Bando limeliwa na simu yenyewe, au na laptopu iliyounganishwa kwenye simu hiyo, wakati ikipakua masasisho ya programu bila kumuuliza mtu. Wengi huita kazi hiyo kuapdeti. Palipo na intaneti ya kasi isiyo na kikomo, hakuna anayeishtukia. Kwa familia inayonunua bando la siku au la wiki, na kwenye mtandao unaosuasua, inakula pesa na muda kwa pamoja.

Dawa yake si kuzima kila kitu. Mzazi anaweza kupanga masasisho yapakuliwe lini, kwa mtandao upi, na yapi yaanze.

KWA NINI SIMU INAJISASISHA

Programu hutengenezwa na watu, na watu hukosea. Kasoro inapogundulika, kampuni hutengeneza marekebisho na kuyatuma kwa watumiaji. Baadhi huongeza mapambo na vitu vipya, lakini mengine huziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa mwaka 2017. Machi 14 mwaka huo, Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro kubwa kwenye Windows. Wengi hawakuyaweka. Mei 12, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuzifunga kompyuta na kudai fidia, na kikafika katika nchi takriban 150. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla.

Kwa familia ya hapa nyumbani hatari ina sura nyingine. Simu ile ile inayotumika kwa masomo ya mtoto ndiyo yenye pesa za ada, programu ya benki na picha za familia. Kuiacha miaka miwili bila kuisasisha ni sawa na kuacha mlango wa nyuma wazi kwa sababu kitasa kipya ni ghali.

Lakini nao waliolalamikia masasisho ya lazima walikuwa na hoja. Mwaka 2016, wahifadhi wa wanyamapori wa mradi wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walilalamika hadharani kwamba kompyuta yao ilianza kupakua Windows 10 yenyewe, wakati intaneti yao ya setilaiti ni ya gharama kubwa na wanaitegemea kuwasiliana na askari wanaopambana na majangili.

HESABU YA MTANDAO WA POLEPOLE

Kasi ya intaneti hutajwa kwa biti, na ukubwa wa faili hutajwa kwa baiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo mtandao wa Mbps 1 unachukua kama sekunde 8 kupakua MB 1.

Sasa chukua sasisho la MB 1,500, ukubwa ambao si wa ajabu kwa mfumo mzima wa simu au kompyuta. Zidisha kwa 8 utapata sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20, tena ikiwa hakuna mwingine anayetumia mtandao huo. Muda wote huo, mtoto anayejaribu kufungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, au kijana anayejaza fomu ya mkopo HESLB dirisha likikaribia kufungwa, ataona kiduara kikizunguka tu.

Hapo wengi huilaumu kampuni ya simu, wakati foleni imeanzia ndani ya nyumba.

ANZA NA SIMU

Kabla ya kubadili chochote, jua nani anakula. Kwenye simu ya Android, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya mtandao, utafute palipoandikwa "Data usage". Utaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imetumia. Google Play Store ikiwa juu kwenye orodha, masasisho ndiyo mlaji.

Fungua Play Store, bonyeza picha yako iliyo juu kulia, ingia "Settings", kisha "Network preferences", kisha "Auto-update apps". Chagua programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee, au zisijisasishe kabisa hadi uamue mwenyewe. Anayechagua la pili abebe wajibu wa kuzisasisha kwa mkono.

Hatua nyingine ni kuwasha "Data Saver", ambayo huzuia programu nyingi kutumia data kimyakimya usipozifungua. Ipo kwenye Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016. Kwa mwenye iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019 kuna "Low Data Mode" inayofanya kazi kama hiyo.

Usisahau WhatsApp. Picha na video za makundi ya shule, kanisa, msikiti na ukoo hupakuliwa zenyewe usipozizuia. Si masasisho, lakini huchota kwenye kisima kile kile. Ingia "Storage and data" uondoe alama za upakuaji wa moja kwa moja kwenye data ya simu.

MTEGO WA HOTSPOTI

Hapa ndipo familia nyingi hunaswa. Mzazi ameshaweka simu ya mtoto isasishe kwa Wi-Fi pekee, akalala akiamini amemaliza. Jioni mtoto anaunganisha simu yake kwenye hotspoti ya mama. Kwa simu ya mtoto, hotspoti hiyo inaweza kuonekana kama Wi-Fi nyingine yoyote, na masasisho yaliyosubiri wiki nzima yakaanza kushuka kwa bando la mama.

Dawa yake ni kuiambia simu ya mtoto kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Akiwa ameunganishwa, bonyeza jina la mtandao kwenye orodha ya Wi-Fi, tafuta neno "Metered", uchague simu iuchukulie hivyo. Ni kazi ya mara moja, kwani simu hukumbuka.

Kwenye laptopu ya Windows jambo hili lina uzito zaidi, maana masasisho yake ni makubwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua sifa za Wi-Fi uliyounganishwa, uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri hadi uyaruhusu au upate mtandao mwingine.

MJUE MGENI WA JUMANNE

Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa masasisho yake makuu ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa za Afrika Mashariki huanza kutoka saa 2 au saa 3 usiku, muda ambao watoto wengi wako kwenye vitabu. Mwenye laptopu nyumbani akiijua siku hiyo, hatashangaa mtandao ukizidiwa usiku huo au Jumatano.

Kuna kitufe cha kusitisha masasisho kwa muda kwenye ukurasa wa Windows Update. Unaweza kusitisha kwa wiki moja moja hadi wiki 5, kisha itakubidi uyaweke kwanza. Inafaa wiki ya mitihani, au wakati kijana ana maombi ya chuo yenye tarehe ya mwisho.

Jambo la kutia moyo ni kwamba masasisho ya kila mwezi ya Windows hulimbikizwa. Aliyekosa mwezi uliopita hapakui mawili. La sasa hubeba na la nyuma. Hata Play Store, programu iliyopitwa na matoleo matano hupelekwa moja kwa moja kwenye toleo la mwisho. Kusubiri wiki mbili au tatu ili upate mtandao wa nafuu hakukuongezei deni kubwa la data.

Nyumba yenye kompyuta zaidi ya moja inaweza kuokoa zaidi. Windows 10 na 11 zina sehemu iitwayo "Delivery Optimization", inayoruhusu kompyuta moja kupakua na kuzigawia nyingine za humo ndani. Hakikisha umechagua vifaa vya mtandao wa nyumbani pekee, visiwe vya intaneti nzima, la sivyo bando lako litatumika kuwapelekea masasisho watu usiowajua.

Wanaotumia Windows 10 wajue kwamba muda wake wa kawaida wa huduma ulimalizika Oktoba 14, 2025. Ukimya wa kompyuta hiyo usichukuliwe kuwa ni nafuu ya bando. Ni ishara kwamba haiangaliwi tena kama zamani.

PANGENI SIKU YA FAMILIA

Baada ya kufunga bomba, lazima kuwe na siku ya kulifungua. Chagueni siku moja kila wiki mbili. Baadhi ya kampuni za simu huuza bando la usiku kwa bei nafuu, na saa hizo mtandao huwa mwepesi. Mzazi mwenye Wi-Fi ofisini, kwa ruhusa ya mwajiri, anaweza kumaliza kazi hiyo mapumziko ya mchana.

Siku hiyo fuateni mpangilio. Kwanza masasisho ya usalama ya mfumo wa simu au kompyuta. Pili programu za benki na za pesa mtandaoni. Tatu WhatsApp, maana toleo lililozeeka sana hukoma kufanya kazi hadi lisasishwe. Nne kivinjari na programu za masomo. Michezo iwe ya mwisho. Michezo kama eFootball na Free Fire hudai kupakua data mpya kabla ya kumruhusu mtoto kucheza, na ni haki kumwambia asubiri zamu yake.

Chaji simu iwe angalau nusu kabla ya kusasisha mfumo, na hakikisha kuna nafasi ya kutosha ndani yake. Kompyuta ya mezani isiyo na betri isisasishwe siku ambayo umeme unakatika na kurudi. Kuzimika katikati kunaweza kuifanya isiwake vizuri.

Kazi hii mpe kijana mkubwa wa nyumbani, naye aandike kwenye daftari tarehe na kiasi cha MB kilichotumika. Baada ya miezi miwili familia itajua mahitaji yake halisi, na bando litanunuliwa kwa hesabu.

MASASISHO YA UONGO

Mzazi anayefunga masasisho ya moja kwa moja ana jambo moja la ziada la kuwafundisha wanawe. Matapeli wanajua watu wamezoea kuambiwa wasasishe. Hutuma viungo kwenye makundi wakidai kuna WhatsApp mpya ya dhahabu au ya rangi ya waridi, au tangazo linatokea katikati ya ukurasa likisema simu ina virusi na isasishwe sasa hivi.

Sasisho la kweli linapatikana ndani ya Play Store, App Store au mipangilio ya kifaa chenyewe. Haliji kwa kiungo cha kundi la ukoo, hata kama aliyekituma ni shangazi unayemheshimu. Vivyo hivyo GBWhatsApp na ndugu zake hazitoki kwa wenye WhatsApp. Kuzisasisha ni kupakua faili kutoka kwa mtu usiyemjua, na akaunti inaweza kufungiwa.

Mtoto aambiwe hivi: ukiulizwa kusasisha na kitu ambacho hukukifungua wewe, funga, kisha njoo uniambie. Na mzazi naye, bando likiisha mapema, afungue orodha ya matumizi kwanza, ndipo amwite mtoto.